Nguo za kazi kwa anayefanyia kazi nyumbani: kabati dogo, hatua kwa hatua

Kila anayeanza kufanyia kazi nyumbani ananiuliza maswali yale yale. Ninunue nini, mashati mangapi, suti nibaki nayo au nimpe mdogo wangu, kwenye kamera nivae rangi gani, na siku nikiitwa ofisini ghafla ntafanyaje. Nimejibu sana kwa simu na kwa voisi noti ndefu ndefu, sasa naandika yote sehemu moja. Mimi nashughulika na hesabu za kampuni kutokea chumbani kwangu Tabata, Dar, tangu 2020, ofisini Posta naenda mara moja au mbili kwa mwezi, alafu kuna siku za benki na siku za TRA (mamlaka ya mapato). Nachokwambia hapa nimekivaa mwenyewe.

Sisi tumekua na nguo za aina mbili, za kushindia na za kutokea. Za kushindia ni dera, fulana iliyochoka, bukta, kanga. Za kutokea ndo zile zinazopigwa pasi na kufichwa. Ukifanyia kazi nyumbani mgawanyo huo unakuumiza, maana za kutokea zinaoza kwenye hanga na za kushindia unazivaa mpaka zinatoboka, na kamera ikiwashwa unakimbilia kabatini unarudi unahema. Unachotaka ni nguo chache za katikati, unazoweza kushinda nazo kwenye kiti masaa nane kwenye joto huku umeme umekatika, na ukiambiwa njoo sasa hivi unaongeza koti na viatu unatoka. Kila nguo ya huko chini ipime kwa hilo, ishindike na itokeke.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nusu siku ya Jumamosi isiyo na wageni, na kitanda kitupu cha kumwagia nguo.
- Kioo kirefu. Kama huna azima kwa jirani, kile cha bafuni kinakuonyesha uso tu.
- Simu au kompyuta ile ile unayoingilia kwenye mikutano.
- Futi ya fundi, ile ya utepe. Duka lolote la vifaa vya kushonea wanayo kwa hela ndogo.
- Daftari na kalamu.
- Fundi cherehani mmoja anayesikiliza. Sio lazima awe maarufu, awe tu anakubali kukupima ukiwa umekaa, ntakueleza kwa nini.
- Bajeti iliyogawanywa mara tatu. Theluthi moja mwezi huu, moja mwezi ujao, moja uiache. Ukinunua zote siku moja utanunua nguo za mtu unayetamani kuwa, zisizoendana na kazi unayofanya.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako

Chukua wiki nne zilizopita, fungua kalenda ya kazini na meseji, andika kila siku ya kazi ilikuwa ya aina gani. Aina ni tatu tu: siku ya kamera, siku ya kutoka, siku ya kimya (hakuna anayekuona). Mimi mara ya kwanza nilipohesabu nilipata siku 9 za kamera, 3 za kutoka, na 8 za kimya kati ya siku 20. Na wakati huo kabatini nilikuwa na suti nne! Suti nne kwa siku tatu kwa mwezi, alafu blauzi za kuonekana kwenye kamera nilikuwa nazo mbili tu, watu wa ofisini walikuwa wananiona na ile ya bluu kila Jumatatu na kila Alhamisi.

Hesabu ndo inakwambia pesa iende wapi. Kama kamera ni nyingi, hela kubwa iende kwenye nguo za juu. Kama wewe ni mtu wa kutoka, unakutana na wateja, basi viatu na suruali ndo vinatangulia. Usiruke hatua hii, wengi wanairuka wanaenda moja kwa moja Kariakoo, na ndo hao wanaorudi kuniuliza mbona wamenunua sana na bado hawana cha kuvaa.

Hatua ya 2: Mwaga kila kitu kitandani

Kila kitu, na zile za kwenye sanduku la juu ya kabati. Alafu vaa moja moja, usiangalie tu kwa macho. Ukishavaa, kaa kwenye kiti chako cha kazi dakika kumi, nyoosha mkono kama unachukua chaja iliyoanguka, inama. Kiuno kikikukata, kwapa likivuta, kifungo cha kifuani kikifunguka, hiyo nguo haishindiki hata kama umesimama inakupendeza kupita maelezo.

Gawa mafungu matatu: zinazobaki, za kwenda kwa fundi, za kutoa. Fungu la fundi ndo lenye utajiri na watu hawalioni. Sketi iliyobana sentimita mbili, suruali ndefu, shati la mikono mirefu lililochakaa mikononi tu (linakatwa linakuwa la mikono mifupi), yote hayo tayari ni ya kwako na ushayalipia.

Angalizo: usiweke fungu la nne la "nikipungua". Mwili unaofanya kazi leo ndo unaovishwa leo.

Hatua ya 3: Chagua rangi tatu ukae nazo

Mbili za msingi, moja ya kuchangamsha. Za msingi ni zile za suruali, sketi na koti: bluu nyeusi, kijivu, kahawia, nyeusi, kaki. Ya kuchangamsha ni ya juu, karibu na uso: maruni, haradali, kijani cha chupa, bluu ya bahari, chagua inayokutoa. Kitenge kinaingia hapa vizuri ilimradi ndani yake kuna angalau rangi yako moja ya msingi, ndo inakiunganisha na suruali zako zote.

Faida yake ni hesabu rahisi tu. Nguo tano za juu na tatu za chini, kama zote zinakubaliana, ni mivao 15. Ukiongeza makoti mawili, na kila mvao unaweza kuuvaa bila koti, na koti la kwanza, au na koti la pili, inakuwa 45. Nguo kumi! Lakini ikiwa moja tu ya chini haikubaliani na za juu, umepoteza 15 kati ya hizo 45 kwa mpigo, kwa hiyo suruali ya rangi ya chungwa uliyoipenda dukani ndo inakula hela yako kimya kimya.

Hatua ya 4: Jaribu mbele ya kamera yenyewe

Hapa ntakaa kidogo maana ndo panaposumbua watu kuliko kote.

Fungua Zoom au Google Meet peke yako, bila kumwalika mtu, kaa pale pale unapokaaga saa ile ile ya mkutano, vaa kila nguo ya juu uipige picha ya skrini. Alafu ziangalie zote kwa pamoja. Utaona vitu ambavyo kioo hakikwambii.

Nyeupe tupu inakudanganya. Kamera ya kompyuta inajirekebisha mwanga yenyewe, ikiona cheupe kingi inapunguza mwanga wa picha nzima, na sisi wenye ngozi nyeusi uso unaishia gizani huku shati linang'aa. Kama unapenda nyeupe chukua ile ya maziwa au krimu, au vaa koti juu yake ili cheupe kibaki kidogo. Nyeusi tupu nayo kwenye chumba chenye mwanga hafifu inameza mabega, unabaki kichwa kinaelea.

Mistari myembamba na drafti ndogo ndogo zinacheza cheza kwenye skrini, zinatoa mawimbi yanayotembea, anayekuangalia anapata kizunguzungu. Mistari mipana haina shida. Kitenge chenye maua makubwa hakina shida, kile cha vidoti vilivyosongamana kijaribu kwanza.

Shingo pia. Kamera inakata kuanzia kifuani kwenda juu, kwa hiyo shingo pana sana au mkono wa singlendi unaweza ukaonekana kama hujavaa kitu. Kola, shingo ya V ya wastani, shingo ya duara, hizo zote salama. Kama unavaa mtandio au hijabu, basi rangi ya mtandio ndo inayokaa karibu na uso, jaribu mitandio kabla ya blauzi, na mitandio mitatu minne ya rangi nzuri inabadilisha baibui moja kuwa mavazi ya wiki nzima. Heleni kubwa zinazogonga maiki ya hedifoni na bangili zinazogonga meza zivue, wenzio wanasikia.

Na kabla hujalaumu nguo, geuza meza. Dirisha likiwa nyuma yako hakuna rangi itakayokusaidia, liwe mbele au ubavuni.

Hatua ya 5: Jaza za juu

Kwa siku nyingi za kamera, tano mpaka sita zinatosha kabisa.

Akina kaka: mashati mawili ya kola ya rangi moja, fulana mbili za kola, zile za fomu siksi, nzito kidogo (nyepesi kola yake inalala ukishaifua mara tatu), na shati moja la kitenge. Akina dada: blauzi tatu za rangi tofauti, fulana moja nzuri ya shingo ya duara ya kuvaa ndani ya koti, gauni moja la magotini au refu linalosimama lenyewe, na kama unaishi kunakopoa kama Arusha, Njombe au Iringa ongeza sweta jepesi la vifungo maana Juni na Julai huko hutasalimika na blauzi.

Kitambaa ndo muhimu kuliko mshono. Kwa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, tafuta pamba, lineni, au viskosi. Polyesta tupu inafungia jasho na harufu haitoki hata ukifua, ila mchanganyiko wa pamba nyingi na polyesta kidogo unasaidia nguo isikunjamane. Soma lebo ya ndani, ipo ubavuni au nyuma ya shingo. Lebo ikiwa imekatwa, finya kitambaa kwenye ngumi uhesabu kumi, kikitoka na mikunjo mikali ni pamba au lineni, kikitoka kama hakijaguswa kuna polyesta. Nyumbani unaweza ukachomoa uzi mmoja kwenye pindo ukauchoma juu ya sinki: pamba inanukia kama karatasi inaacha jivu laini, polyesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Uzi mmoja tu jamani, na watoto wasiwe karibu.

Hatua ya 6: Za chini, na usiseme hazionekani

Kosa namba moja la wanaofanyia kazi nyumbani ni hili, juu shati la pasi, chini kanga au bukta. Mimi yalinikuta katikati ya kikao cha kufunga hesabu za mwezi, mtoto akabisha mlango, nikanyanyuka kumfungulia bila kuzima kamera. Hakuna aliyesema kitu lakini nilikosa raha wiki nzima, na tangu siku hiyo sikai mbele ya kamera na kitu ambacho siwezi kusimama nacho.

Unahitaji tatu: mbili za kushindika kabisa na moja rasmi kidogo. Kinachoamua ni kiuno. Ukikaa, kiuno kinaongezeka, na suruali iliyopimwa umesimama itakubana kuanzia saa nne asubuhi. Ndo maana nasema fundi akupime umekaa. Mwambie akuwekee lastiki nyuma tu, mbele kibaki kipande kilichonyooka na zipu yake, ukichomekea au ukivaa koti hakuna atakayejua. Sketi vile vile. Kaka zangu, kadeti yenye kitambaa kinachovutika kidogo inafanya kazi zote mbili vizuri kuliko jinzi, jinzi kwenye joto ni mateso na kwenye baadhi ya ofisi hazikubaliki.

Na hapo kwenye kukubalika, kama kazi yako inakupeleka ofisi za serikali ukumbuke getini kuna mabango yenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa. Sketi fupi, nguo zinazobana au kuonyesha maungo, kaptula, kandambili, utarudishwa na nauli yako imeenda. Hiyo moja rasmi uinunue ukiwa unafikiria lile geti.

Hatua ya 7: Nenda mtumbani ukiwa na orodha

Karume pale Ilala, Memorial kama uko Moshi, Gikomba kama uko Nairobi, utaratibu ni ule ule. Asubuhi belo likifunguliwa unachagua vizuri lakini bei iko juu, jioni bei zinashuka mpaka buku buku lakini umebaki na yaliyokataliwa. Kwa koti na suruali nenda asubuhi, ulipe. Kwa fulana za ndani ya koti hata jioni utapata.

Nenda umevaa fulana ya kubana na taitisi au bukta ndani ili ujaribu juu ya nguo. Saizi za lebo usiziamini, za Uingereza, Marekani na Ulaya hazilingani na wengine huzifua mpaka zikasinyaa, ndo maana unabeba futi. Kabla hujatoka nyumbani pima suruali yako inayokukaa vizuri kuliko zote: kiuno, nyonga, urefu wa mguu wa ndani. Kwa shati pima bega mpaka bega na kifua. Ziandike kwenye simu.

Ukiishika nguo angalia kwa mpangilio huu, harakaharaka kabla hujaanza kupatana: kwapa (madoa ya njano hayatoki), kola kwa ndani, katikati ya mapaja, zipu ifunge na kufungua mara mbili, alafu inyanyue juu kwenye jua uone matundu. Geuza ndani uone mshono umeacha kitambaa kiasi gani, kama kuna akiba ya sentimita moja na nusu kila upande fundi anaweza kuiongeza, kama hamna basi inapungua tu haiongezeki. Kwa koti angalia mabega kwanza, vitu vingine vingi kwenye koti vinarekebishika lakini bega likipwaya au kubana liache, fundi wengi watakuharibia na atakayeweza atakutoza kuzidi bei ya koti.

Nguo za ndani na soksi nunua mpya, za mtumba TBS (shirika la viwango) walishazipiga marufuku na sababu ni afya yako. Na chochote cha mtumba kikifika nyumbani kifue kwa maji ya moto yale kitambaa kinayoyaweza, kianike juani kikauke kabisa, kipige pasi ndani na nje.

Hatua ya 8: Kwa fundi

Kama unashonesha kipya, mfano koti la kitenge au suruali, loweka kitambaa kwanza usiku mmoja ukianike kabla hujampelekea. Kitambaa cha pamba kinasinyaa kikifuliwa mara ya kwanza, bora kisinyae kikiwa kitambaa kuliko kikiwa gauni. Kitenge kinachuja rangi pia, utaiona kwenye maji.

Mpelekee nguo yako inayokukaa vizuri kama mfano. Picha ya simu peke yake inaleta ugomvi, fundi anaona mshono ila haoni mwili wako. Mwambie mambo matatu kwa maneno mafupi na yaandike kwenye karatasi aibane na kitambaa kwa pini: nipime nimekaa, acha akiba kubwa kwenye mishono ya pembeni, weka mifuko halisi. Jaribu pale pale kibandani kabla hujamalizia hela, ukae hata kwenye benchi lake.

Tarehe mdanganye kidogo, mwambie unaihitaji siku nne kabla ya siku yenyewe. Na wiki mbili tatu kabla ya Idd au Krismasi usimpelekee kabisa kitu cha kazi, wakati huo anakesha na sare za sherehe na nguo za watoto na yako itashonwa saa nane usiku.

Hatua ya 9: Tenga hanga la dharura

Hanga moja, liko mbele kabisa kabatini, limepigwa pasi: suruali au sketi ile rasmi, nguo ya juu moja, koti moja. Chini yake viatu vimepakwa rangi, soksi ndani. Akina kaka moka nyeusi au kahawia na mkanda wa rangi hiyo hiyo. Akina dada simpo au skuna fupi, kitu unachoweza kupandia daladala na kukimbilia mwendokasi, sio kile kirefu unachobeba kwenye mfuko.

Sheria yake ni moja, likitumika linarudishwa siku hiyo hiyo au kesho yake, limefuliwa. Na hata lisipotumika, mara moja kila wiki mbili lishushe, uvae koti dakika chache, ulianike kivulini penye upepo. Hii nimeijua kwa gharama. Mwaka mmoja wakati wa masika niliitwa ofisini asubuhi, nikavuta koti langu la kijivu ambalo lilikuwa halijatoka kabatini tangu Januari, likawa na ukungu mweupe mgongoni mzima na viatu hivyo hivyo. Nilienda na koti la kuazima lililonipwaya.

Hatua ya 10: Kufua na kupiga pasi ukiwa na nguo chache

Nguo kumi zinafuliwa mara nyingi kuliko arobaini, kwa hiyo zitunze. Geuza ndani nje kabla ya kufua na wakati wa kuanika, jua letu linapausha upande wa mbele ndani ya miezi michache. Shati la jasho lisikae kwenye tenga siku tatu, lisuuze hata kwa maji matupu jioni ile ile. Jiki ni ya nyeupe ya pamba tu, tone moja kwenye shati la bluu unapata doa la chungwa lisiloponyeka. Deodoranti iache ikauke kabla hujavaa, ile ndo inayochanganyika na jasho ikaleta njano kwapani.

Pasi piga Jumapili jioni za wiki nzima, usisubiri asubuhi ya mkutano, umeme hauna ahadi na mtu.

Matatizo yanayorudi rudi na namna ya kuyatatua

"Nina nguo lakini kila siku naonekana nimevaa ile ile." Mara nyingi za juu zote ni familia ya rangi moja. Usinunue tano, nunua moja ya rangi iliyo mbali kabisa na hizo, au mitandio miwili, au badilisha kola na fulana kwa zamu.

"Nikivaa nguo ya kazi nyumbani napika nayo inachafuka." Aproni, au kanga kifuani. Usibadilishe nguo mara nne kwa siku, utachoka na siku ya tatu utarudi kwenye dera.

"Mwili umeongezeka na suruali hazifungi." Peleka kwa fundi afungue ile akiba ya pembeni, au aweke lastiki nyuma. Kama hamna akiba anaweza kuongeza kipande pembeni cha rangi inayokaribiana, chini ya koti hakionekani.

"Koti limeota ukungu." Litoe nje, lipanguse kwa brashi kavu mbali na nguo zingine, lianike juani masaa kadhaa, alafu lifue au lipeleke kwa dobi kulingana na lebo. Ile nailoni ya dobi itoe siku hiyo hiyo, inafungia unyevu ndani. Kabati liache wazi mchana, nguo zisibanane, usirudishe kitu chenye unyevunyevu hata kidogo, hasa Machi mpaka Mei.

"Ofisini wamebadilika, sasa wanataka twende siku tatu kwa wiki." Usikimbilie suti. Rudi hatua ya 1 uhesabu upya, kinachoongezeka kwanza ni kiatu cha pili (kiatu kinahitaji siku ya kukauka ndani) na suruali au sketi moja. Za juu unazo tayari.

"Mkutano unaanza dakika tano zijazo, shati limekunjamana na umeme hamna." Lowanisha viganja, pitisha kwenye kola, mabega na kifua tu, vuta kitambaa kwa mikono miwili ukinyoosha kwenda chini, vaa, likaukie mwilini mbele ya dirisha. Kama ni pamba nzito isiyosikia, weka koti la hanga la dharura juu yake na ufunge kifungo kimoja, alafu kikao kikiisha lirudishe hangani.